Siku Nilipompeleka Kogo Mbinguni kwa Kiingereza

Harufu ya mkaa wa senetwet ikipanda ngazi za jengo letu hapa Kericho mjini, najua jirani wa chini anatayarisha kibuyu cha mursik, na najua pia kwamba sitafanya kazi yoyote ya maana mpaka iishe. Wasioijua niwaeleze. Kijiti cha mti huo kinachomwa mpaka kiwe mkaa, mkaa unasagwa ndani ya kibuyu kitupu na kusuguliwa kuta zote, kisha maziwa yanamiminwa humo na kuachwa yagande polepole. Inanukia moshi, zizi, na utamu fulani ambao sijawahi kuupatia jina. Wengine inawatia njaa. Mimi inaniletea nyanya yangu, amesimama nyuma ya jikoni, mgongo kwa nyumba na uso mashariki.

Juzi ilinikuta nikisahihisha insha za Kiingereza. Ndiyo, mimi ni mwalimu wa Kiingereza, msinicheke. Mtoto mmoja alikuwa ameandika kwamba mama yake alimpikia celestial chapati. Nililipiga neno lile mstari mwekundu, celestial, nikaandika pembeni "si sahihi", na hapo harufu ikaingia dirishani. Nikaweka kalamu chini. Neno hilo na harufu hiyo vinajuana tangu zamani.

Kwetu ni ng'ambo ya Sigowet, kwenye mteremko ambao juu ni majani chai, katikati ni nyumba na zizi, na chini ni mahindi. Baba alikuwa mtu wa chai. Mama alikuwa mtu wa ng'ombe na wa kanisa, sauti ya kwanza kwenye kwaya na kiongozi wa akina mama. Kogo, ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Kipsigis, alikuwa mama yake baba, na hakuwa mtu wa yeyote. Aliolewa kutoka upande wa Chebunyo, ambako alisema nyasi ni za ng'ombe na anga haizibwi na vilima, na mpaka uzeeni hakuisamehe chai. "Majani ambayo hata mbuzi anakataa," alikuwa akimwambia baba, "na nyinyi mnayainamia mchana kutwa kama watu waliopoteza sindano!" Hakuna aliyemjibu Kogo akashinda.

Basi Kogo alikuwa na desturi yake. Jua likichomoza alitoka na kikombe cha maziwa, akasimama karibu na ua wa michongoma nyuma ya jikoni, akapiga funda moja, akatema kidogo kuelekea jua, taratibu, vile wazee wetu wanavyotema wanapobariki. Kisha akasema, "Asis, konech sapon." Asis, tupe uzima. Asis ndiye Mungu aliyeombwa na wazee wetu kabla makanisa hayajatufikia, na walimwomba wakilitazama jua. Baada ya hapo aliendelea kwa sauti ya chini, muda mrefu, mpaka maziwa kikombeni yakapoa. Upande wa pili wa michongoma lilikuwa zizi, na saa hiyo mama alikuwa huko akikamua.

Mimi naitwa Chepkoech, jina la msichana aliyezaliwa kunapopambazuka, kwa hiyo Kogo alinihesabu kuwa mtu wa zamu yake. Niliruhusiwa kusimama mlangoni kwa jikoni nikiwa na sare ya shule na uji mkononi, lakini si kusogea. Nikisogea alinyamaza. "Wewe una wako wa kuongea naye shuleni," aliniambia. "Huyu ni wangu." Kwa hiyo sikuwahi kusikia alichokuwa akisema. Niliona tu midomo ikienda, na mvuke wa maziwa, na jua likimwangaza usoni akiwa amefumba macho.

Shida ilikuwa pasta. Hakuwa mtu mbaya, msimchukie mapema. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye kofia ya kahawia ambayo hakuiacha popote, na yeye na mke wake walikuwa wameoana miaka mingi bila mtoto. Lakini alikuwa amesema wazi: hawezi kumbatiza mtu anayelitemea jua mate asubuhi halafu aje kanisani Jumapili. Aache kwanza. Mama alimsihi Kogo kwa upole, akamsihi kwa machozi, akamsihi kwa kunyamaza. Kogo alimjibu jibu lile lile: "Maji yenu nayataka. Asubuhi zangu siwapi."

Mwaka ule kifua chake kikaanza kumsumbua. Alilazwa hospitalini, akarudi amekonda mpaka shuka lake lilikuwa likimzunguka kupita kiasi. Usiseme kwamba watoto hawaelewi. Nilimsikia mama akimwambia baba jikoni, "Na akienda hivi hivi? Watu watasema nini?" Nikaelewa mambo mawili. La kwanza, kwamba Kogo anaweza kufa. La pili, kwamba mama anamwonea aibu. Hilo la pili lilinikasirisha kuliko la kwanza lilivyonitisha. Shule ya Jumapili walikuwa wametufundisha kwamba asiyebatizwa haingii mbinguni, nami nilijilaza chini ya meza nikalia, kwa sababu sikuwa na haja ya mbingu ambayo Kogo hayumo. Nilikuwa darasa la sita.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa kijana, Mwalimu Ndirangu, wa familia ya wenye duka pale sokoni Sigowet, watu waliotoka Mkoa wa Kati zamani na kukaa. Kila Jumatatu aliandika neno moja kubwa pembeni mwa ubao, akalizungushia chaki, na kufikia Ijumaa kila mtu awe ametunga sentensi yake. Tulipenda maneno hayo kupita kiasi. Tuliyapachika kwenye insha popote palipobaki nafasi, tukiamini kwamba mtihani unapimwa kwa urefu wa maneno. Wiki moja aliandika celestial. Maana yake, alisema, ni cha mbinguni, cha huko juu angani.

Sentensi zilizokuja Ijumaa, woi! Viatu vya mwalimu mkuu vilikuwa celestial. Maharagwe ya shule yalikuwa celestial, na aliyeandika hivyo alikuwa mwongo. Kiprono akasimama akasoma kwamba ng'ombe wao ni celestial kwa sababu amekataa kukamuliwa. Mwalimu alicheka mpaka akakalia dawati la mbele.

"Kiprono, hiyo ng'ombe iko mbinguni ama iko boma?"

"Iko boma, mwalimu," Kiprono akasema, bila hata kutabasamu. "Lakini roho yake haiko."

Nyumbani nako neno lilikuwa limeshaingia. Kogo alikuwa na mazoea ya kuniuliza nikitoka shule, "Leo wamewalisha nini huko?" Hakumaanisha maharagwe, alimaanisha neno jipya. Nikimpa, alilitumia jioni nzima, akilichomeka katikati ya Kipsigis chake bila kuomba ruhusa. Hili alilipenda kuliko yote. Ulimi wake uliligeuza likawa selesito. Mursik wake ulikuwa selesito. Godoro la hospitali halikuwa selesito hata kidogo. Kofia mpya ya baba aliitazama kwa muda, akatikisa kichwa, akasema hapana, hiyo bado.

Sasa nisikilizeni nilivyofikiri, maana nilifikiri sana. Kwetu Kiingereza hakikuwa lugha ya kuongea, kilikuwa lugha ya kumaliza maneno. Maandishi kwenye chupa ya dawa yalikuwa Kiingereza, na dawa ilinywewa hivyo hivyo. Baba akibishana na karani pale kituo cha kupimia majani, karani alibadili akaingia Kiingereza, na ubishi ukaisha hapo hapo, baba akajitwika kikapu kitupu akarudi nyumbani. Sikuwahi kuona mtu akikijibu Kiingereza. Kwa hiyo nilijiambia: nikimweka Kogo na mbingu katika sentensi moja ya Kiingereza, na pasta akaisikia, atasema nini? Atanyamaza kama baba, na Kogo atakuwa ameingia.

Niliitunga nikiwa nimekaa juu ya jiwe la kufulia. Every morning my grandmother talks to our celestial Father. Kila asubuhi nyanya yangu huzungumza na Baba yetu wa mbinguni. Mwalimu Ndirangu hakujua lolote kuhusu ugomvi wetu. Aliipenda sana. "Hii utaisoma siku ya maombi," akasema. "Wazazi wasikie Kiingereza ya class six." Siku ya maombi ilikuwa Jumamosi iliyofuata, ile siku ambayo wanafunzi wa darasa la nane huombewa kabla ya mtihani, wazazi wote huja, na pasta ndiye mgeni. Ningekuwa nimepanga mwenyewe nisingepanga vizuri zaidi.

Kogo alikuja na fimbo yake, akaketi kwenye benchi la mbele kati ya baba na mama, shuka la bluu mabegani. Nilipanda kwenye ngazi ya ofisi, nikashika maikrofoni, nikaisoma sentensi yangu polepole na kwa sauti, nikimtazama pasta.

Kulikuwa kimya. Nilidhani ni kile kimya cha karani na baba. Kisha waliojua Kiingereza wakawanong'onezea wasiojua, na kicheko kikaanzia nyuma, kidogo kidogo, kikaja mbele. Watu wote walimjua Kogo na jua lake. Pasta akainuka, akaichukua maikrofoni kwa upole, akaniwekea mkono kichwani.

"Tunamshukuru mtoto wetu kwa Kiingereza safi," akasema. "Na tuendelee kumwombea nyanya yake, ili amjue huyo Baba."

"Amina," wakasema wote.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Na kama haikutosha, Kogo, ambaye katika maneno yote yale alikuwa ameshika lake moja tu, akainua fimbo juu akapaza sauti, "Selesito! Hilo neno ni langu!" Hata darasa la nane waliokuwa wakitetemeka kwa ajili ya mtihani wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kogo alicheka nao, akidhani wanafurahia pamoja naye. Nilimtafuta mama kwa macho. Alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama viatu vyake, na hakukiinua mpaka tulipoondoka. Nilimchukia siku hiyo. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, nilimchukia njia nzima kutoka shule hadi nyumbani.

Tulipofika mama aliingia ndani. Alivua gauni zuri, akaanika kitambaa, akasimama kidogo katikati ya chumba. Kisha akalivaa tena lile gauni na viatu vya kanisani, akasema anarudisha sufuria kwa jirani. Niliona kwamba hakubeba sufuria yoyote, lakini nilikuwa na huzuni zangu.

Kesho yake asubuhi kulikuwa na ukungu mwepesi, ule unaokaa juu ya majani chai mpaka jua liukemee. Kogo alitoka na kikombe chake kama kawaida. Mimi nilikuwa mlangoni na uji. Mara nikamwona pasta akitokea upande wa chai, suruali imelowa umande mpaka magotini, kofia mkononi. Hakuja kwetu. Alizunguka akaenda akasimama zizini, upande wa pili wa michongoma, karibu na mama. Mama aliacha kukamua, akamshika ng'ombe pembe ili atulie. Kogo macho yake yalikuwa hayaoni mbali tena. Akapiga funda, akatema, akaanza.

Sikusikia, nilikuwa mbali kama siku zote. Nilimtazama pasta tu. Mwanzo alisimama wima kama mtu anayengoja zamu yake ya kusema. Baadaye akainamisha kichwa. Kuna mahali alipofika Kogo, pasta akaishika kofia kwa mikono yote miwili akajifunika nayo mdomo, na mabega yake yakawa yanatikisika. Mama hakumtazama, alikuwa anamkuna ng'ombe shingo.

Kogo alipomaliza, pasta akazunguka ua akaja mbele yake.

"Chamgei, kogo," akamsalimia.

"Pasta!" Kogo akashtuka, kisha akajivika ukali haraka. "Umekuja kuninyang'anya asubuhi?"

"Nimekuja kunywa maziwa."

Mama akamletea mursik, akanywa kikombe chote amesimama, akapangusa mdomo. Akasema, "Jumapili ijayo uje mtoni na nguo ya kubadilisha."

"Na asubuhi zangu?"

"Asubuhi sijakuuliza, mama yangu," pasta akasema, akavaa kofia akaenda zake.

Kogo alibatizwa Jumapili ile. Alilalamika kwamba maji ni ya baridi, alilalamika kwamba pasta amemshika vibaya, akapewa jina la Raheli ambalo hakuliitikia hata siku moja. Asubuhi iliyofuata akatoka na kikombe. Aliishi kupita tulivyotarajia, na alipofariki pasta mwenyewe alimzika pale chini kwenye mahindi, akalia mbele ya watu wote bila kujificha.

Na mimi? Mimi nilijua ni sentensi yangu. Ilikuwa imemkaa pasta usiku kucha, nilijiambia, na asubuhi ikamshinda. Msione ajabu kwamba nilisomea ualimu wa Kiingereza. Niliisimulia hadithi hiyo chuoni, nikawasimulia wanafunzi wangu kila mwaka, nikamsimulia mume wangu kabla hajawa mume wangu. Niliamini kwamba neno likichaguliwa vizuri linafungua hata mlango wa mbinguni.

Desemba iliyopita tulikuwa nyumbani, mama na mimi tumekaa nje tukichagua maharagwe, na watoto wangu wakataka niwasimulie tena jinsi nilivyompeleka Kogo mbinguni kwa Kiingereza. Nikawasimulia, na mbwembwe zote. Mama alicheka mahali pa kucheka. Watoto walipokimbia kucheza, aliendelea kutoa mawe kwenye maharagwe, na bila kuinua kichwa akasema, "Nilienda kwa pasta jioni ile."

"Jioni gani?"

"Ile ya maombi. Nilisema narudisha sufuria."

Nikamgeukia, naye akaendelea.

"Nikamwambia, kama yeye hawezi kuingia, unifute na mimi. Utafute mwingine wa kuimba sauti ya kwanza. Akasema, mama Chepkoech, usiseme hivyo. Nikamwambia nimeshasema. Lakini kabla hujatufuta, nikamwambia, njoo asubuhi usikie. Mara moja tu."

"Asikie nini?"

"Majina," mama akasema. "Huyo nyanya yako alikuwa anataja majina. Kila siku, mimi niko pale nakamua, nasikia yote. Baba yako. Wewe na masomo yako. Ng'ombe. Hata yule karani wa majani. Na pasta, kila siku alimtaja pasta, akamwombea mke wake apate mtoto. Sikuwahi kumwambia pasta. Yeye na mke wake walikuwa wanadhani wanalia peke yao."

Mtoto hakuja, mama aliniambia. Lakini tangu siku hiyo mke wa pasta alikuwa akipita kwetu asubuhi moja moja, na Kogo akimwacha asogee karibu.

Nilimuuliza kitu ambacho kilikuwa kimenikaa kooni tangu darasa la sita. "Si ulikuwa unamwonea aibu? Uliinamisha kichwa."

Mama akaniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga na mtoto aliyesomeshwa kwa gharama. "Nilikuwa nalia, Chepkoech. Mimi mama yangu alikufa nikiwa mdogo kuliko vile ulivyokuwa wewe. Nikaolewa hapa sijui hata kupika ugali ukaiva. Na kila asubuhi, kabla ya baba yako, kabla ya mtu yeyote, jina la kwanza lilikuwa langu. 'Huyu mtoto niliyeletewa, mpe nguvu, asichoke na sisi.' Kila siku. Hakujua nasikia." Akapuliza maganda kwenye ungo. "Ningeenda mbinguni kufanya nini, na yeye hayuko?"

Nilimshika mkono, maharagwe yakamwagika, akanikemea kidogo. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia miaka yote hiyo.

"Ulikuwa umefurahi sana na Kiingereza chako," mama akasema. "Ningekunyang'anyaje?"

Ndiyo maana juzi, harufu ya mkaa ilipokuwa ikififia kwenye ngazi, niliirudia ile insha. Nikaufuta mstari mwekundu mpaka karatasi ikakaribia kutoboka, na "si sahihi" yangu nayo nikaifuta. Mama yake alimpikia celestial chapati, ndivyo mtoto alivyosema. Simjui mama huyo, wala sijui alikuwa ametoka wapi siku hiyo kabla ya kukanda unga.